Wito na Neno: Juu ya Waandishi Waliokataa Simu

Wahenga waliacha methali isemayo: Usikatae wito, kataa neno. Maana yake ni wazi. Mtu aitwapo, huenda. Akiisha kufika na kusikia aliloitiwa, hapo ndipo anapokuwa na ruhusa ya kukubali au kukataa. Akataaye wito amemhukumu mwitaji kabla ya kumsikiliza, na hukumu ya namna hiyo haijapata kuwa haki katika baraza lo lote. Methali hii yafaa kuwekwa mbele ya maandiko ya watu walioamua, kwa hiari yao na wala si kwa umaskini, kuishi bila ya simu ya mkononi, au bila ya chombo kingine cha jamii yake. Maandiko hayo husifiwa sana kwa ushujaa wake na hulaumiwa sana kwa kiburi chake. Ni mara chache yapimwapo kama maandiko, yaani kwa kuuliza hoja imejengwaje, nani amepewa nafasi ya kusema, na nani amewekwa nje ya mlango.

Kiswahili chenyewe humpa mhakiki mizani. Kuna kunyimwa, na kuna kujinyima. Aliyenyimwa huandika malalamiko; aliyejinyima huandika insha. Lakini mzizi wa maneno yote mawili ni kunyima, na kunyima hakukamiliki bila ya mtu wa pili. Mtu akijinyima chakula, njaa ni yake peke yake. Akijinyima simu, amewanyima na wengine sauti yake: mama aliye mbali, rafiki mgonjwa, hata yule anayemdai. Ni kujinyima kwa ajabu, maana sehemu kubwa ya njaa yake huwashika watu wengine. Insha ya mkataa simu yapaswa kupimwa hapo kwanza, kabla ya kuulizwa kama lugha yake ni nzuri au mawazo yake ni mapya.

Neno simu lina safari yake. Asili yake ni Kiajemi, ambako lina maana ya fedha na ya uzi wa madini, na katika pwani ya Afrika Mashariki lilitumika kwa waya wa habari kabla ya kutumika kwa chombo cha kuzungumzia. Waya wa chini ya bahari uliifikia Unguja mwaka 1879, na kwa muda mrefu baadaye kupeleka simu kulikuwa ni kupeleka maneno machache, yaliyohesabiwa na kulipiwa moja moja. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hatashangaa akiambiwa kwamba mkataa simu mwenye sifa kubwa katika fasihi ni Henry David Thoreau, Mmarekani aliyefariki mwaka 1862, miaka 14 kabla ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu ya kuzungumzia.

Thoreau alikaa peke yake kando ya ziwa dogo la Walden, karibu na mji wa Concord katika jimbo la Massachusetts, tangu 4 Julai 1845 hata 6 Septemba 1847. Samuel Morse alikuwa amefungua waya wake wa habari baina ya Washington na Baltimore mwezi wa Mei 1844, yaani mwaka mmoja tu uliotangulia, na nchi nzima ilikuwa imelewa furaha ya jambo hilo. Katika kitabu chake, Walden, kilichotoka mwaka 1854, Thoreau aliuliza swali ambalo limekuwa mama wa maswali yote ya namna hii: waya ukinyoshwa kutoka Maine mpaka Texas, je, majimbo hayo mawili yana jambo la maana la kuambiana? Alisema pia kwamba yeye aweza kuishi bila ya posta, na kwamba barua alizozipata maishani zilizostahili gharama ya kupelekwa hazikuzidi moja au mbili.

Wengi humchukua Thoreau kuwa mtu aliyekataa wito. Akisomwa kwa utulivu huonekana kinyume chake. Swali lake juu ya Maine na Texas ni swali la neno, wala si la wito. Ataka kujua lisemwalo kabla ya kushangilia mwendo wa kulisema. Nyumba yake ya mbao ilikuwa na viti vitatu, naye aeleza kazi ya kila kimoja: kimoja cha upweke, cha pili cha urafiki, cha tatu cha jamii. Ameandika sura nzima juu ya wageni wake. Kila baada ya siku moja au mbili alitembea mpaka mjini kusikiliza umbea, na hakuona haya kuungama kwamba umbea huo, ukinywewa kwa kiasi kidogo kama dawa, ulimburudisha. Huyu si mtu aliyefunga mlango. Aliitika wito kwa miguu yake mwenyewe, akasikiliza, kisha akarudi ziwani na kuandika kwamba alilolisikia halikuwa na uzito. Mbele ya methali ya Waswahili Thoreau ameshinda kesi yake.

Aliposhindwa ni pengine, na ni padogo hata wasomaji wengi hupapita bila ya kupaona. Thoreau alipenda hesabu. Anamwonyesha msomaji gharama ya nyumba yake, dola 28 na senti 12 na nusu, na anaungama kwamba shoka la kukatia miti aliliazima, akalirudisha kali kuliko lilivyokuwa. Ungamo hilo ni la heri: mtu wa upweke amekiri kwamba upweke wake ulianza kwa kuazima. Lakini katika hesabu ya matumizi yake amedokeza pia kwamba nguo zake kwa sehemu kubwa zilifuliwa na kushonwa viraka nje ya nyumba, na kwamba hati ya madai haijafika. Nani aliyefua? Kitabu hakisemi. Uhuru uliohubiriwa kwa ulimwengu mzima ulikuwa na dobi, na dobi huyo amepewa nusu sentensi. Si vema kumcheka Thoreau kwa sababu hiyo, kama wafanyavyo watu wanaofurahi kuona mwenye hekima akiteleza. Ni vema kuishika nusu sentensi ile kama ufunguo, maana inafungua maandiko ya wengi waliomfuata.

Mmoja wao ni Wendell Berry, mkulima na mshairi wa Kentucky, aliyeandika mwaka 1987 insha fupi ya kueleza kwa nini hatanunua kompyuta. Chombo alichokikataa si simu, lakini hoja ni ya ukoo mmoja, na wakataa simu wengi wa leo wamechota katika kisima chake. Berry alisema kwamba yeye huandika kwa kalamu mchana, kwa mwanga wa jua, na mkewe huyapiga maandiko hayo katika taipureta iliyonunuliwa mpya mwaka 1956. Akatoa vipimo tisa vya chombo kipya: kiwe rahisi kwa bei kuliko kile cha zamani, kiwe kidogo, kiweze kutengenezwa na mtu wa kawaida, na kadhalika. Kipimo cha mwisho ndicho chenye uzito kuliko vyote: chombo kipya kisiharibu jambo jema lililokuwapo, na hesabu ya mambo mema iingize uhusiano wa watu wa nyumba moja na wa majirani.

Gazeti la Harper's lilipoichapa tena insha hiyo, barua za wasomaji zikaja, na baadhi yao wakasema kwa mzaha mkali kwamba Berry hana haja ya mashine kwa kuwa anayo tayari, na jina lake ni mke. Berry alijibu kwa insha ndefu ya mwaka 1989. Zote mbili zimo katika kitabu chake What Are People For? cha mwaka 1990. Jibu lake lina nguvu kuliko insha iliyolizaa. Auliza kwa nini kazi afanyayo mwanamke kwa ajili ya nyumba yake ihesabiwe utumwa, na kazi ile ile akiifanya kwa bwana wa kampuni kwa mshahara ihesabiwe uhuru. Hilo ni swali ambalo wapinzani wake hawakulitarajia, na wengi wao hawakuwa na jibu lake mfukoni.

Walakini jambo moja lakosekana. Katika mabishano yote hayo sauti ya mke mwenyewe haisikiki. Msomaji anasikia watu wakishindana juu ya mtu aliye chumba cha pili akipiga taipureta, na hakuna aliyefungua mlango kumwuliza. Yamkini yeye aliipenda kazi ile. Yamkini aliiona ni sehemu yake katika sanaa ya mumewe. Berry asema hivyo, naye ni mtu mkweli. Lakini insha iliyoweka uhusiano wa nyumbani kuwa kipimo cha mwisho ilikuwa na wajibu wa kuleta shahidi wa nyumbani. Donald Knuth, mtaalamu mashuhuri wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliacha barua pepe tarehe 1 Januari 1990 baada ya kuitumia kwa miaka 15 hivi, ili apate utulivu wa kuandika vitabu vyake; naye ameeleza wazi kwamba katibu wake huchapa katika karatasi barua zinazofika, ili yeye azisome kwa wakati wake. Huyo angalau amemtaja mchukuzi wake.

Aliyemwona mtu huyu wa pili kwa ukamilifu hakuandika insha. Aliandika hadithi, na aliiandika kabla ya Berry na Knuth kuzaliwa. Hadithi fupi ya Mwingereza E. M. Forster, The Machine Stops, ilitoka Novemba 1909 katika jarida la The Oxford and Cambridge Review. Simu ya kuzungumzia ilikuwa na umri wa miaka 33 tu wakati huo, na kumwona mtu wa mbali akisema katika kioo ilikuwa ndoto. Forster aliwaza ulimwengu ambamo watu wote huishi chini ya ardhi, kila mmoja katika chumba chake, wakihudumiwa na Mtambo mmoja. Chakula, muziki, kitanda na mazungumzo huja kwa kubonyeza kifundo. Kila mtu hujuana na maelfu, na hakuna akutanaye na mtu. Vashti, mwanamke anayetoa mihadhara ya muziki bila ya kuondoka katika kiti chake, aitwa na mwanawe Kuno, akaaye upande mwingine wa dunia. Amwona katika sahani yenye mwanga wa buluu aliyoishika mikononi. Amwambia aseme upesi, kwa kuwa ana dakika tano za kumpa. Na mwana ana ombi moja: ataka mama aje amwone, si kwa njia ya Mtambo.

Msomaji wa leo hushangazwa na sahani ile ya buluu, na wahakiki wengi wametumia wino wao wote kumsifu Forster kwa kuagua mambo yatakayokuja. Sifa hiyo si ya bure, lakini ni ndogo kuliko anayostahili. Uaguzi ni bahati ya mwandishi. Kazi yake ni mpango wa kisa. Mkataa simu wa Forster hawezi kukataa ila kwa simu. Kuno hana budi kuutumia Mtambo ili kumwita mama yake nje ya Mtambo, na fedheha hiyo Forster hakuificha. Tena, Kuno hakuwekwa katikati. Kisa kwa sehemu kubwa huonwa kwa macho ya Vashti, aonaye haya kwa tabia ya mwanawe, asitaye kwenda, kisha akaenda. Asafiriye siku mbili katika merikebu ya angani akichukizwa na mtumishi aliyethubutu kumgusa. Na afikapo ataka kurudi upesi. Thoreau na Berry walikuwa na kalamu mikononi mwao wenyewe. Katika hadithi hii kalamu imepewa aliyekataliwa, na msomaji, apende asipende, hukaa upande wake, akachoka naye na kuudhika naye.

Hapo ndipo hadithi inapoijaribu methali ya wahenga kwa namna ambayo wahenga labda hawakuitarajia. Vashti afanya sawasawa na methali. Hakuukataa wito: aliuvuka ulimwengu kuuitikia. Alilolikataa ni neno. Mwanawe amwambia kwamba alitoka peke yake mpaka juu ya ardhi, akaona vilima na nyota, na kwamba kwa kosa hilo sasa atishwa na adhabu ya kufukuzwa nje, ambako ni kufa. Naye mama hupima neno hilo, akaliona ni ukafiri dhidi ya Mtambo, akaenda zake. Kila sharti la methali limetimizwa, na mwana amebaki peke yake. Yaonekana basi kwamba methali ile ilitegemea jambo ambalo haikulitaja kwa sababu hakuna aliyelitilia shaka: kwamba mtu akiisha kufika mbele ya mwenzake, akamwona uso, moyo wake nao umefika. Vashti alifika bila ya moyo wake. Mtambo ulikuwa umekwisha kuufundisha moyo huo kukaa nyumbani.

Sehemu ya tatu ya hadithi ni dhaifu. Mtambo wasimama, hewa yaisha, watu wafa kwa maelfu, na mama na mwana wakutana gizani, wakalia na kugusana kabla ya kufa. Machozi yanatoka kwa msomaji, lakini hoja iliyojengwa kwa subira imemalizwa na ajali. Kama Mtambo ungaliendelea kufanya kazi vizuri milele, je, Kuno angalikuwa na haki? Hilo ndilo swali gumu, na Forster amelikwepa kwa kuibomoa nyumba juu ya vichwa vya wenyewe. Wakataa simu wa siku hizi wameurithi udhaifu huo. Hungoja betri iishe au mtandao ukatike ili ionekane kwamba walisema kweli, kana kwamba chombo kinachoharibika ndicho pekee chenye kosa.

Lakini methali nayo yataka kuhojiwa, kwa kuwa ilitungwa wakati ambapo wito ulikuwa na gharama. Mwitaji alituma mjumbe, na mjumbe alitembea. Mji mzima ulipoitwa, ilipigwa mbiu, na wahenga hao hao walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Gharama ilikuwa mlinzi wa mlango: asiye na neno hakuwa na sababu ya kumchosha mjumbe. Hata barua ilikuwa na mlinzi huyo. Barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za tangu mwaka 1931 hata 1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa mwaka 2002, zimeweza kuwa kitabu kwa sababu kila wito ndani yake ulikuja umebeba neno lake. Ni vigumu kufikiri kwamba miaka 27 ya maongezi ya simu ingaliacha kitabu.

Simu ya mkononi ilimwondoa mlinzi yule, na yaweza kusemwa kwamba ilimwondoa siku ya kwanza. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani New York na kupiga simu ya kwanza kwa chombo cha kushikwa mkononi. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyempigia alikuwa mshindani wake wa Bell Labs, na neno alilokuwa nalo ni kumjulisha kwamba anampigia kwa simu ya mkononi. Wito ulikuwa ndio neno. Afrika Mashariki ilikwenda mbali zaidi, ikazaa kitendo cha kubipu: kupiga na kukata kabla ya kupokewa, ili mwenye salio agharimie maongezi. Neno hilo halipendezi masikio ya wanazuoni, lakini wanafalsafa wangeweza kulionea wivu. Kubipu ni wito mtupu, usio na neno hata moja, na tena unaomwachia mwitwa kulipa. Akiambiwa mtu asiukatae wito wa namna hiyo, ana haki ya kuuliza kama methali ilimkusudia yeye. Hoja hiyo Thoreau hakuwa nayo, maana wito ulimjia kwa miguu, ukabisha hodi. Mkataa simu wa leo anayo, na ni ajabu kwamba wengi wao hawaitumii, wakashika badala yake hoja ya uzuri wa ndege na miti, ambayo Thoreau aliieleza vizuri zaidi.

Yuko hata hivyo mkataaji mmoja mwenye hoja iliyo nje kabisa ya methali. Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha mradi wa programu huru wa GNU mwaka 1983, amekataa kuchukua simu ya mkononi si kwa sababu ya wito wala ya neno, bali kwa sababu ya shahidi. Simu, hata isiposemwa kitu, huzungumza na minara, na minara hujua mwenye nayo yuko wapi. Baina ya mwitaji na mwitwa amekaa mtu wa tatu anayeandika. Wahenga hawakumjua mtu huyo; mjumbe wao alisahau, au alikufa na siri yake. Hoja hii ni kavu, haina ziwa wala nyota, na kwa uandishi haiwezi kusimama karibu na Walden. Lakini ni nzito, na katika nchi ambako laini hufungamanishwa na alama za vidole, kama Tanzania ambako laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020, haihitaji kuelezwa mara mbili. Stallman mwenyewe asema kwamba akihitaji kumpigia mtu humwomba aliye karibu naye amwazime simu. Basi shoka la Thoreau limerudi. Tofauti ni kwamba shoka lilirudishwa kali zaidi, na simu iliyoazimwa hurudishwa ikiwa imeandikwa katika mnara, kwa jina la mwenye nayo, kwamba alimpigia mtu asiyemjua.

Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika insha ya kujinyima simu ana kazi ambayo hao wote hawakuwa nayo, kwa kuwa ataandika akiwa amekaa bega kwa bega na walionyimwa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi wa Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, simu si mdomo na sikio tu. Ni mfuko wa fedha. Ada ya shule, nauli ya mgonjwa na mchango wa msiba hupita humo. Mama mzee ambaye mwanawe humpelekea fedha kwa simu ya kijana wa jirani hana siri tena: kijana ajua ni kiasi gani, ajua ni siku gani, na pengine amekwisha kujikatia chake. Mama huyo hajajinyima kitu. Naye bwana aliyejinyima kwa hiari, aliyesoma Thoreau na kuvutiwa, mwanawe akiugua usiku hukimbilia kwa kijana yule yule.

Mkataa simu na mnyimwa simu hukutana mlangoni hapo, mmoja akiwa na fahari na mmoja akiwa na haya. Kijana hana haja ya kujua tofauti yao. Ajualo ni kwamba saa sita ya usiku mlango umegongwa, naye amekwenda na simu yake mkononi kuufungua, kama ilivyo desturi ya mtu aitwaye. Insha ikianzia kwake, na ikamwuliza jina lake na yale ayafikiriyo juu ya wageni hao wawili, itakuwa imeanzia mahali ambapo Walden iliandika kwamba hati ya dobi haijafika.